Seti ya Arduino Uno kwa maonyesho ya sayansi: nunua, ila badilisha vitu viwili

Kwa mwalimu anayesimamia klabu ya sayansi na anataka wanafunzi watengeneze kitu kinachopima na kutenda chenyewe, seti ya Arduino Uno, yaani bodi ndogo ya elektroniki unayoiandikia programu pamoja na vifaa vyake, ni ununuzi mzuri. Hapa tunazungumzia seti za ukubwa wa kati zinazopatikana kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam. Ni boksi la plastiki lenye bodi ya Uno, bredibodi (ubao wa matundu wa kuunganishia bila kulehemu), nyaya za jampa za kuunganishia, taa za LED, rezista, rilei ya volti 5 (swichi inayowashwa na bodi), kioo cha LCD cha mistari miwili, sensa ya joto na unyevu wa hewa aina ya DHT11, sensa ya umbali ya HC-SR04, mota ndogo ya servo, sensa ya unyevu wa udongo na kishikizo cha betri ya volti 9. Vingi kati ya hivi vinafanya kazi yake. Viwili ndivyo vinavyoua miradi: sensa ya udongo na kishikizo cha betri ya volti 9.

Tuipime seti kwa mradi ambao wanafunzi wengi huuchagua, yaani kumwagilia mimea bila mtu kushika ndoo.

Bodi yenyewe mara nyingi ni nakala, si ile inayotengenezwa na Arduino wenyewe. Hilo si wizi, kwa kuwa mchoro wa Uno uko wazi kwa yeyote kuutumia. Chipu kuu ni ileile ATmega328P, ina pini 14 za dijitali (za kuwasha na kuzima) na 6 za analogi (za kusoma kiwango). Tofauti inayokuhusu iko kwenye chipu ya USB: nakala nyingi zina CH340, na kompyuta ya zamani ya shule inaweza kushindwa kuitambua mpaka uweke draiva yake, yaani programu ndogo ya kuitambulisha. Pakua draiva pamoja na programu ya Arduino mapema, uzihifadhi kwenye flashi, maana maabara nyingi hazina intaneti ya kutegemea. Bodi isipoonekana kabisa, shuku waya kabla ya kushuku bodi. Uno nyingi hutumia waya wa USB wa umbo lilelile la printa, kwa hiyo wa akiba huwa uko ofisini kwa katibu wa shule.

Sasa sensa ya udongo. Iliyomo kwenye seti nyingi ni ya uma, meno mawili yaliyopakwa madini, na hupima jinsi umeme unavyopita kati ya jino na jino. Ukiiacha na umeme muda wote kwenye udongo wenye maji, jino la upande chanya huanza kuliwa. Utaona rangi ya fedha ikichubuka, shaba ikijitokeza, kisha nayo inakatika, na hapo namba zinayumba bila udongo kubadilika. Kuna kasoro ya pili ambayo wengi hawaioni: sensa hii inaathiriwa na chumvi. Weka mbolea ya CAN kwenye kopo moja na uache lingine, mwagia maji sawasawa, na lenye mbolea litasomeka kana kwamba limelowa zaidi. Kama huna njia nyingine, ipe umeme kutoka pini ya dijitali, iwashe kwa sekunde moja wakati wa kupima tu, kisha izime. Itadumu zaidi, ila tatizo la chumvi litabaki.

Dawa yenyewe ni kununua sensa ya kapasitansi, inayopima jinsi udongo unavyohifadhi chaji ya umeme badala ya unavyoupitisha, na inayouzwa kando. Haina madini yaliyo wazi kwenye udongo, kwa hiyo haitafunwi hivyo. Nayo ina udhaifu wake. Kingo za bodi yake zimekatwa bila kupakwa kitu, maji hunyonywa taratibu na kuingia ndani. Kabla ya kuitumia, paka kingo zote rangi ya kucha mara mbili, uache ikauke kati ya mpako na mpako, na usizamishe sensa kupita mstari uliochorwa, kwa sababu sehemu ya juu ina vipande vya elektroniki visivyokingwa.

Namba utakayoisoma kwenye pini ya analogi iko kati ya 0 na 1023, na kwa sensa hii udongo mkavu hutoa namba kubwa kuliko uliolowa. Namba hiyo peke yake si unyevu, na jaji mzuri atauliza hapohapo. Ili iwe unyevu, kausha udongo mpaka uzito wake usibadilike, pima gramu 500 kwa mizani ya jikoni, weka kwenye kopo, soma. Ongeza mililita 50 za maji, changanya vizuri, shindilia kwa nguvu ileile, soma tena mara tano na uchukue wastani. Endelea hivyo mpaka mililita 200. Sasa una alama tano za grafu, kuanzia asilimia 0 hadi 40 ya uzito wa udongo mkavu. Rudia kwa mchanga na kwa udongo mweusi wa mfinyanzi, utaona kila udongo una mstari wake. Kazi hii ya siku moja ina sayansi nyingi kuliko pampu na taa zote zilizobaki, na ndiyo inayotenganisha mradi wenye vipimo na mradi wa kuvutia macho.

Betri ya volti 9 ya umbo la kiboksi iwekwe pembeni. Inaweza kuwasha bodi kwa muda, lakini haina nguvu ya kusukuma pampu. Pampu ikiwaka volti zinashuka, bodi inajizima na kuanza upya, na wanafunzi wanaanza kutafuta kosa kwenye programu ambayo haina kosa. Pampu ndogo ya kuzama ya volti 3 hadi 6 ipewe betri zake, AA nne, kupitia rilei. Usiiunganishe kamwe moja kwa moja na pini ya Uno, ambayo haitakiwi kutoa zaidi ya miliampea 20 hivi. Bodi iwashwe kwa pawabenki, ila ijaribu kwanza: baadhi ya pawabenki hujizima zikiona umeme unaovutwa ni mdogo, na Uno huvuta kidogo.

Rilei nyingi za aina hii huwaka pini inayoziendesha ikiwa LOW (volti 0), si HIGH (volti 5). Ndiyo maana pampu hurusha maji mara bodi inapowashwa. Kwenye setup, sehemu ya programu inayoendeshwa kwanza, andika digitalWrite(7, HIGH) kabla ya pinMode(7, OUTPUT), 7 ikiwa pini uliyounganisha rilei, tatizo linakwisha. Weka pia vikomo viwili badala ya kimoja, kwa mfano anza kumwagilia chini ya asilimia 20 na uache juu ya 30. Kikiwa kimoja, rilei itabofyabofya bila kutulia. Pampu iende sekunde 3, kisha programu isubiri dakika 5 maji yapenye, vinginevyo kopo litafurika kabla sensa haijajua.

Kufurika kuna chanzo kingine. Ndoo ikiwa juu kuliko mdomo wa mpira wa maji, maji huendelea kutiririka hata pampu ikiwa imezimwa. Weka ndoo chini ya meza.

Bredibodi ndefu ya matundu 830 mara nyingi ina reli za umeme zilizokatika katikati. Unganisha nusu mbili kwa jampa. Nyaya huchomoka garini, kwa hiyo zibane kwa selotepu na ubebe mchoro wa waya zote. LCD ikionyesha viboksi vitupu, zungusha skrubu ndogo ya mgongoni. Isipoandika kitu kabisa, badilisha anwani ya LCD kwenye programu kutoka 0x27 kwenda 0x3F.

HC-SR04 ni nzuri kwa kupima kina cha maji kwenye tangi. DHT11 inafaa kwa banda la mimea, lakini usiipe kazi ya kiangulio cha mayai. Mayai ya kuku yanataka joto la karibu nyuzi 37.5, na sensa hii inaruhusiwa kukosea nyuzi 2 juu au chini. Kwa mradi huo nunua DS18B20, ambayo hukosea nusu nyuzi tu.

Seti moja inatosha wanafunzi wawili au watatu. Wakizidi hapo, mmoja ndiye anayeunganisha na wengine wanatazama, na mbele ya jaji hilo huonekana upesi. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji achomeke bodi kwenye kompyuta, abadilishe mwendo wa programu ya mfano ya Blink, inayopepesa taa ya bodi, na aipakie. Taa yenye herufi L ikipepesa kwa mwendo uliobadilishwa mbele yako, chukua.