Supachaja za umeme za bei nafuu: kabla hujatoa hela, azima mpira wa levo kwa fundi mwashi

Mpwa wangu ana Toyota IST ya cc 1,300, anabeba abiria kati ya Mtwara mjini na Newala. Msimu wa korosho ulipokaribia alinijia na simu mkononi. "Shikamoo mjomba. Gari haivuti kabisa nikijaza. Nimeona hii kitu inaongeza farasi ishirini, unachomeka tu." Ilikuwa supachaja ya umeme, yaani feni ya plastiki yenye waya mbili, inayopachikwa kwenye bomba la hewa la injini. Kabla sijamjibu alikuwa ameshalipa shilingi 110,000, na mzigo ulishapakiwa kwenye basi kutoka Dar.

Naandika mwongozo huu kwa ajili ya wengine waliofika hapo alipofika. Laki moja ya dereva wa huku si hela ya mchezo, na gari lisilovuta ni shida ya kweli. Lina dawa, ila si hiyo.

Feni ilipofika hatukuifunga kwanza kwenye gari. Tulikwenda kwa fundi mwashi jirani tukaazima mpira wa levo, ule wa uwazi unaotiwa maji wakati wa kusawazisha msingi. Tuliukunja uwe kama herufi U, tukajaza maji hadi nusu. Mdomo wa kutolea hewa wa feni tuliuziba kwa kifuniko cha ndoo tulichokitoboa tundu dogo, ncha moja ya mpira ikaingia humo. Tukaunga feni kwenye betri. Maji yalipanda upande wa pili, tukapima kwa rula: tofauti ya sentimita tatu.

Sasa linganisha. Turbo, yaani pampu inayozungushwa na moshi wa ekzosi kushindilia hewa kwenye injini, hata iwe ya upole kabisa inaongeza kama psi 4 (psi ni kipimo cha shinikizo) juu ya hewa ya kawaida, na hewa ya kawaida huku pwani ina karibu psi 14.7. Psi 4 na kitu ingeyasukuma maji hayo mita tatu juu, yapite dari la nyumba. Sisi tulipata sentimita tatu, yaani sehemu moja ya mia. Na hapo feni ilikuwa inasukuma mahali palipozibwa, ambako shinikizo lake ndiyo kubwa zaidi. Hewa ikianza kupita kwa wingi, hata hizo sentimita tatu zinapungua.

Sababu yake si ubovu wa kiwanda fulani, ni hesabu. Injini ya petroli huunguza kilo moja ya mafuta kwa karibu kilo 14.7 za hewa, kwa hiyo ukitaka nguvu zaidi lazima hewa iingie zaidi. Injini ya cc 1,500 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inavuta takriban lita 65 hadi 75 za hewa kila sekunde. Kuishindilia hewa yote hiyo kwa psi 4 kunataka karibu kilowati 2, na ukihesabu upotevu wa mota na mapanga unakaribia kilowati 3. Kwenye umeme wa gari wa volti 12 hadi 14, hizo ni ampea zaidi ya 200. Alteneta, yaani mtambo unaozalisha umeme wa gari, kwenye gari dogo kwa kawaida hutoa ampea 70 hadi 100 tu, nayo ina taa, feni ya rejeta na betri ya kulisha. Feni ya mpwa wangu iliandikwa ampea 4. Ni wati 48, kama taa moja kubwa ya mbele.

Wapo wanaosema, "Mbona Wazungu wanazo?" Kweli wanazo. Audi SQ7 ya dizeli iliyotoka mwaka 2016 ina kompresa ya umeme inayofika kilowati 7, lakini imepewa mfumo wake wa volti 48, na inafanya kazi muda mfupi tu kusaidia turbo mbili kubwa zinapochelewa kuamka. Hiyo na feni ya plastiki zimefanana jina tu.

Haya, tupange. Nimeanza na kitu ambacho ningekilipia leo, nimeishia na kile ambacho singekichukua hata kwa bure.

Namba moja ni kurudisha nguvu ambayo gari lako lilikuwa nayo. Hapa ndipo hela inapozaa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Magari yetu mengi yamekuja yameshatumika miaka zaidi ya kumi, kisha yakaingia kwenye vumbi jekundu la Nanyamba na Tandahimba. Anza na chujio la hewa. Lifungue, lielekeze kwenye jua. Kama mwanga haupiti, hewa nayo inapita kwa taabu. Usilipige upepo wa kompresa mara tano ukaliita jipya, karatasi yake inapasuka na mchanga unaingia kwenye silinda. Halafu plagi. Nunua duka unaloliamini, maana feki ni nyingi, na uzifunge zote nne kwa pamoja. Fundi asafishe throto (mlango wa hewa wa injini) na sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu, si kwa petroli na kitambaa. Achomeke mashine ya kupima asome injini inasema nini, hata kama taa ya injini haijawaka.

Kuna viwili ambavyo watu wanavisahau. Cha kwanza ni breki inayoshika. Ukitoka safari, sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, unapanda mlima huku umekanyaga breki. Cha pili ni masega ya ekzosi, yaani kile kichujio cha moshi (katalisti). Yakiziba, injini inavuta vizuri mizunguko ya chini, ukikanyaga inakataa kama imefungwa kamba. Fundi anaweza kufungua sensa ya mbele ya ekzosi kwa muda, gari lijaribiwe: likichangamka ghafla, mmepata mchawi.

Kwenye IST ya mpwa wangu tulikuta chujio jeusi, plagi mbili zilizolika na breki ya nyuma kulia inayoshika. Matengenezo yote yaligharimu chini ya laki moja, ufundi ukiwemo.

Kama gari lako lina turbo ya kiwandani, Hiace ya dizeli kwa mfano, kagua kwanza mipira inayotoka kwenye turbo. Ufa mdogo uliolowa mafuta unatosha kukunyima sehemu kubwa ya nguvu, na klipu mpya haikufilisi.

Namba mbili haitaki hela kabisa. Zima AC kwenye mlima. Kompresa ya AC inakula kilowati kadhaa za injini ndogo, kwa hiyo kubonyeza swichi hiyo kunakupa zaidi ya feni yoyote ya volti 12. Kwenye gia otomatiki zima O/D (overdrive, gia ya juu ya mwendo kasi) kabla hujaanza kupanda, usisubiri gari lichoke. Jaza upepo wa tairi kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema. Na punguza mzigo. Najua abiria wa nne nyuma ana nauli yake, lakini pia ana kilo zake.

Hapa niseme neno kuhusu mahali tulipo. Mtwara na Lindi tuko usawa wa bahari, injini zetu zinapata hewa nzito kuliko za wenzetu wa Mbeya au Njombe. Kila mita 100 unazopanda, injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu. Newala iko juu ya mita 600, kwa hiyo ukifika kule gari limeshapungukiwa asilimia sita au zaidi, hata likiwa zima kabisa. Dereva anayeona gari limekuwa zito akikaribia Shimo la Mungu, kule Newala, haoti. Lakini shinikizo la feni yetu halikufika hata theluthi ya asilimia moja, kwa hiyo haiwezi kufidia kilichobaki nyuma pwani.

Namba tatu: injini kubwa zaidi. Kama kazi yako ni mlima na mzigo kila siku, weka akiba ubadili gari. IST ya cc 1,500 ilitoka kiwandani na nguvu farasi 109, na 1,300 ilikuwa chini ya 90. Tofauti hiyo ni ile ile ishirini aliyoahidiwa mpwa wangu, isipokuwa hii ni ya kweli na haikulazimishi kukata bomba.

Namba nne: turbo au supachaja halisi, ile inayozungushwa na mkanda wa injini. Inaongeza nguvu, hakuna ubishi. Lakini kuinunua ni mwanzo tu. Unahitaji nozeli kubwa za mafuta, kompyuta ya injini ipangwe upya, joto lidhibitiwe, na fundi anayeijua kazi hiyo. Injini ambayo haikuzaliwa na turbo inashindilia sana tangu mwanzo. Ukiongeza hewa bila mafuta ya kutosha inagonga, na pistoni zinatoboka. Kwa gari la kazi siipendekezi.

Namba tano ni zile supachaja za umeme za bei ya juu kidogo, zenye mota za kasi na betri yake ya pembeni. Hizi zinasukuma kitu, kwa sekunde chache, kisha betri inaisha nawe bado uko katikati ya mlima. Mlima wa kwenda Newala si wa sekunde chache.

Namba sita nimeziweka mbili pamoja. Kuna mapanga ya bati yasiyozunguka, yanayodaiwa kuizungusha hewa iingie vizuri. Yanaziba njia tu. Na kuna "chipu ya nguvu" ya waya mbili, ambayo ndani yake mara nyingi ni resista, kijidude cha kupunguza umeme, inayoidanganya kompyuta kwamba hewa ni ya baridi. Kompyuta inamwaga mafuta zaidi kidogo, kisha sensa ya ekzosi inashtuka na kurekebisha. Wewe umebaki na risiti.

Ya mwisho kabisa ni feni ya plastiki. Naiweka chini ya resista kwa sababu inaweza kuharibu. Tuliifunga kwa jaribio moja, asubuhi mapema, barabara tupu, mlima ule ule, kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, mara tatu kwa kila hali, tukachukua wastani. Bila feni, sekunde 11. Feni ikiwaka, sekunde 11. Feni ikiwemo lakini imezimwa, sekunde 12, kwa sababu injini inabidi ivute hewa katikati ya mapanga yaliyosimama. Kwa hiyo siku fyuzi yake ikikata, umepunguza nguvu kwa hela yako mwenyewe. Kingine, ili iingie unakata bomba la hewa baada ya chujio, na maungio yasipobana unavuta mchanga moja kwa moja. Na panga la plastiki likivunjika kwenye joto la boneti, linaelekea upande mmoja tu: kwenye injini.

Ukiwa bado na hamu ya kununua kifaa cha aina hii, muulize muuzaji maswali mawili tu. Kinakula ampea ngapi? Akisema chini ya mia, hesabu ya juu imeshajibu. Kinatoa psi ngapi hewa ikiwa inapita, na lita ngapi kwa sekunde wakati huo huo? Wengi watakutajia moja na kuificha ya pili, kwa maana feni inaweza kupuliza hewa nyingi bila shinikizo lolote. Akikuhakikishia kwamba chake ni tofauti, mwombe akuruhusu ukipime pale pale dukani kabla hujalipa. Mpira wa levo wa mita saba unatosha, na nusu ndoo ya maji.