Littmann Classic III kwa tunaosomea udaktari

Wandugu mnaoanza wodini mwaka huu, hii stetoskopu mi nimeikubali, naitumia hapa hospitali ya Mulago, Kampala, na inasaidia kwelikweli. Uzuri wake ni ile dayaframu, yaani kile kiwambo chembamba kinachogusa mwili, ukiigusisha kifuani kidogo tu unapata sauti nzito, ukiikandamiza unapata zile kali, huna haja ya kugeuza kichwa chake. Na hapa Uganda hilo ni muhimu sana maana watoto na vijana wengi wanaumwa moyo wa rumatiki, yaani vali za moyo zimeharibiwa na homa ya rumatiki, na vali ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, ikishabana mvumo wake, yaani sauti ya damu ikipita kwa shida, unakuwa mzito na wa chini, unakupita hivihivi, kwa hiyo mlaze mgonjwa kwa ubavu wa kushoto, iweke kwa wepesi kwenye ncha ya moyo, mwambie atoe pumzi atulie, hapo utausikia unanguruma kati ya pigo na pigo. Lakini jamani msikimbilie kusikiliza, anzeni na mapigo ya mkononi, mishipa ya shingo, mpapase kifua, ndo stetoskopu ifuate. Vya masikioni ni laini. Bei iko juu kwa mwanafunzi, na feki zimejaa madukani, kagua namba iliyochongwa kwenye chuma kabla hujalipa.