Mbio za motokrosi: viwanja vimeelewana, vumbi bado

Binti yangu anashindana motokrosi, mbio za pikipiki kwenye udongo na matuta, kwa KTM ya 65cc (pikipiki ndogo ya watoto), kwa hiyo Jumapili zetu huishia vumbini. Msimu huu viwanja viwili karibu na Nairobi vimekubaliana: kalenda moja, namba ileile ya pikipiki, kifaa kimoja cha kuhesabia mizunguko. Zamani vilikuwa vinagongana tarehe, watoto watatu hapa, wanne kule, kila mtu anarudi na kombe. Sasa geti la kuanzia linajaa na kona ya kwanza ni vita. Nyota nne.

Ya tano naizuia. Lori la maji lilinyunyiza asubuhi likapotea. Kufikia mbio za 85cc, mshika bendera ya njano, ile ya kuonya hatari mbele, nyuma ya tuta kubwa la kurukia alikuwa haonekani kabisa. Si wenye viwanja waazimane hata lori basi! Vyoo safi, mandazi moto.