Uzoefu wangu wa kutembelea kambi ya mazoezi ya timu ya ligi kuu

Mshabiki yeyote wa mpira wa miguu akipata nafasi ya kuingia katika kambi ya timu anayoipenda wakati wa maandalizi ya msimu, ninamshauri asiiache nafasi hiyo impite, na aende akiwa na nia ya kusikiliza kuliko kutazama. Siku ya mechi tunaona mengi lakini hatusikii kitu, kwa sababu kelele zetu wenyewe jukwaani humeza sauti za wachezaji, na tukitazama kwenye televisheni tunamsikia mtangazaji tu. Kambini unakaa hatua chache kutoka mstari wa pembeni, unausikia mpira ukipigwa, unawasikia wachezaji wakielekezana, na haupiti muda mrefu kabla hujaanza kuelewa mambo ambayo miaka mingi ya ushabiki haikukufundisha. Hiyo ndiyo sababu kubwa inayonifanya niisifu huduma hii, ingawa yapo mawili matatu ambayo waandaaji wanapaswa kuyarekebisha.

Huduma yenyewe inaitwa siku ya mazoezi ya wazi. Klabu huandikisha mashabiki mapema, huwapa vitambulisho vya kuvaa shingoni, kisha huwapitisha kwa makundi wakiongozwa na mwenyeji kutoka klabuni. Ratiba yetu ilikuwa kutembezwa katika majengo ya kambi, kutazama mazoezi ya asubuhi tangu mwanzo hadi mwisho, na baada ya hapo kukutana na wachezaji kwa ajili ya sahihi na picha. Mazoezi ya jioni hayakuwa ya wageni, na sikuona ubaya wowote kwa hilo. Katika kipindi cha maandalizi timu nyingi hufanya mazoezi mara mbili kwa siku, na kocha anahitaji muda wa kufundisha mbinu zake mbali na macho ya watu.

Majengo niliyafurahia, lakini gimu ni gimu na bafu la maji ya barafu ni bafu tu. Mahali palipostahili safari ni stoo ya vifaa. Tulimkuta mtunza vifaa akipima upepo wa mipira, mmoja baada ya mwingine, kwa kipimo kidogo chenye sindano, na tulipomsalimu aliacha kazi yake akatueleza bila haraka. Sheria za mchezo zinataka mpira uwe na uzito wa gramu 410 hadi 450 mwanzoni mwa mechi, na presha ya ndani iwe kati ya atmosfia 0.6 na 1.1, na hiyo ni nafasi kubwa kuliko mtu anavyodhani. Alinipa mipira miwili niidundishe sakafuni, mmoja ukiwa karibu na kiwango cha chini na mwingine karibu na kile cha juu. Wa kwanza ulirudi mkononi kivivu, wa pili uliruka kana kwamba umekasirika. Yote miwili ni halali. "Ndugu yangu, huyu mwepesi wa kudunda ndiye anayemfanya kiungo aonekane hajui kutuliza mpira," aliniambia, na tangu siku hiyo kila pasi inapomponyoka mchezaji ninamwonea huruma kidogo kabla ya kumlaumu.

Humo humo stoo zilitundikwa zile fulana fupi nyeusi ambazo wachezaji huvaa chini ya jezi na ambazo wengi wetu tumeziona pale mfungaji anapovua jezi yake. Katikati ya mabega kuna mfuko mdogo wenye kifaa kinachopokea mawasiliano ya setilaiti, nacho hurekodi umbali anaokimbia mchezaji, kasi yake, na mara ngapi ameongeza mwendo au kufunga breki ghafla. Kiungo wa timu ya kulipwa hukimbia takribani kilomita 10 hadi 12 katika mechi moja, lakini kocha wa viungo alitufafanulia kwamba jumla ya kilomita si jambo linalomsumbua zaidi. Anachokichunguza ni zile mbio fupi za kasi ya juu na kusimama kwa ghafla, kwa kuwa hapo ndipo misuli ya nyuma ya paja inapochanika.

Maelezo hayo yalitusaidia kuelewa tulichokiona wachezaji walipoanza kupasha misuli moto. Nilitarajia kuwaona wakikimbia kuzunguka uwanja kama tulivyofanya shuleni, kumbe sehemu kubwa ilikuwa mazoezi ya taratibu ya nguvu na mizani: kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua huku magoti yamekunjwa vizuri, kubadili mwelekeo. Mwenyeji wetu alisema yanatokana na programu ya FIFA iitwayo 11+, yenye mazoezi 15 yaliyogawanywa katika sehemu tatu na yanayochukua kama dakika 20. Zoezi lililonitoa macho ni lile ambalo mchezaji hupiga magoti, mwenzake akamshika vifundo vya miguu kwa nyuma, naye akauachia mwili ulionyooka uende mbele polepole bila kukunja kiuno hadi mikono iguse nyasi. Mabeki wenye misuli ya kutisha walikuwa wakiguna na kutetemeka. Wenzao walicheka, na zamu zao zilipofika nao wakaguna vilevile.

Baada ya hapo ulikuja ule mchezo wa duara, unaofahamika duniani kote kama rondo, na kwangu hicho ndicho kilele cha asubuhi nzima. Wachezaji kadhaa husimama kwenye duara dogo na kupasiana kwa mguso mmoja, wawili wakiwa katikati wanausaka mpira. Anayepoteza pasi ndiye anayeingia kati. Johan Cruyff aliufanya kuwa msingi wa mafunzo alipokuwa kocha wa Barcelona kuanzia 1988 hadi 1996, na leo ni vigumu kuikuta timu kubwa isiyoucheza. Kwenye video fupi za mtandaoni unaonekana kama mzaha wa kuamsha furaha, na furaha ilikuwepo kweli, kwani kila mpira ulipopita katikati ya miguu ya mtu duara zima lililipuka kwa vifijo. Hata hivyo, ukikaa karibu unasikia kazi inayofanyika. Kabla mpira haujamfikia mchezaji, tayari wenzake wamekwishampa taarifa: "Nyuma yako!", "Peke yako!", "Rudisha!". Kila neno lilitoka kabla ya pasi, si baada yake. Nilijaribu kufumba macho kwa muda na niliweza kujua nani yuko huru na nani amebanwa kwa kusikiliza tu.

Nilimfuatilia kwa makusudi kiungo mkabaji wa timu, mchezaji ambaye watu wengi jukwaani humwona wa kawaida kwa sababu hafungi na hapigi chenga. Yeye ndiye aliyesema kuliko wote. Sauti yake haikuwa ya kufoka, ilikuwa ya chini na ya mfululizo, na kila aliyepewa mpira karibu naye alijikuta ana muda mrefu zaidi wa kuamua. Pia alikuwa akigeuza shingo kushoto na kulia kila mara, hata mpira ulipokuwa mbali naye. Nimewahi kubishana na marafiki kuhusu thamani ya mchezaji huyu bila kuwa na hoja za kutosha. Sasa ninazo.

Makipa nao waliingia kwenye duara na kucheza kwa miguu kama wengine, jambo lisiloshangaza tena tangu mwaka 1992, sheria ilipomkataza kipa kudaka kwa mikono pasi anayorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Kisha walitengwa na kocha wao kwenye goli la mbali, na hapo nililazimika kuhama kidogo ili niwaone vizuri. Zoezi lao lilikuwa la kudaka krosi, kujiangusha, kuinuka na kuanzisha mashambulizi, huku kocha akihesabu kwa sauti na kuinua mkono akionyesha vidole. Alikuwa akiwazoesha sheria mpya iliyoanza msimu wa 2025/26: kipa akiushikilia mpira kwa zaidi ya sekunde nane, wapinzani hupewa kona, na refa huonyesha kwa mkono sekunde tano za mwisho. Sekunde nane ni nyingi ukiwa umekaa kwenye kiti. Ukimwona kipa ameanguka na mpira kifuani, kisha akainuka akitafuta wa kumpa huku hesabu inaendelea, unaelewa kwa nini walilirudia zoezi hilo bila kuchoka.

Kocha mkuu aliingia kati baadaye kwa zoezi ambalo baadhi ya mashabiki walilikuta limepooza. Wachezaji wote 11 walijipanga kwenye nafasi zao, bila wapinzani na kwa muda fulani bila mpira, wakasogea pamoja kulingana na koni aliyoitaja kocha. Arrigo Sacchi alijulikana sana kwa mazoezi ya namna hii alipoifundisha Milan iliyotwaa Kombe la Ulaya mwaka 1989 na tena 1990, na bado makocha wanayatumia kuwafundisha wachezaji kuziba nafasi kati ya mstari wa ulinzi, wa kiungo na wa mbele. Mimi nililipenda kuliko hata mechi ndogo iliyofuata. Beki wa kushoto alipochelewa hatua mbili, kocha alisimamisha kila kitu, akatembea hadi kwenye lile pengo, akasimama ndani yake na kunyoosha mikono. Hakusema kitu. Beki alisogea, mstari ukanyooka, na zoezi likaendelea.

Mwisho wa mazoezi yalikuja mambo ambayo kila mshabiki alikuwa akiyasubiri, yaani mipira ya adhabu na penalti. Ukiona kwa karibu umbali wa mita 11 kutoka kwenye nukta hadi kwenye mstari wa goli, unashangaa kwamba kipa huwahi kudaka hata moja. Mpira uliopigwa kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa huufikia mstari kwa takribani sekunde 0.4, goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, na kipa lazima abaki na angalau sehemu ya mguu mmoja kwenye mstari, usawa wa mstari huo au nyuma yake wakati mpira unapopigwa. Kijana mmoja mshambuliaji alijaribu ile penalti ya kuudokoa mpira katikati ya goli, kipa akasimama palepale na kuudaka kwa mkono mmoja, na uwanja mzima ukaangua kicheko, kijana mwenyewe akiwemo. Nilimkumbuka Antonín Panenka wa Chekoslovakia, aliyeipiga penalti hiyo kwenye fainali ya mataifa ya Ulaya ya mwaka 1976 dhidi ya Ujerumani Magharibi baada ya kuifanyia mazoezi kwa muda mrefu akishindana na kipa wa klabu yake. Pigo lile lilizaliwa katika dakika kama hizi za mwisho wa mazoezi, watu wakiwa wamechoka na wanataniana, kisha likaamua ubingwa.

Sasa malalamiko yangu. Kwanza, viti vingi vya wageni vilipangwa nyuma ya goli moja na karibu na spika iliyopiga muziki katika sehemu ya kwanza ya mazoezi. Muziki ule ulitunyima kitu bora kuliko vyote, nao ulizimwa baada ya baadhi yetu kumwomba mwenyeji kwa adabu. Pili, kipindi cha sahihi hakikuwa na foleni. Watu wazima wenye nguvu walijaza mbele, watoto wakabaki nyuma na jezi zao mikononi. Aliyeokoa hali hiyo ni nahodha, aliyepita katikati ya watu wazima hadi nyuma kabisa, akachuchumaa na kumwambia mtoto mmoja, "Lete kalamu, mdogo wangu," kisha akawafuata waliobaki mmoja mmoja. Uungwana wa nahodha ni jambo la kushukuru, lakini kazi ile ilikuwa ya waandaaji.

Kwa wanaopanga kwenda, fikeni mapema ili mchague kiti cha pembeni karibu na mstari wa katikati, maana hapo ndipo maelekezo ya mabeki na ya washambuliaji yanaposikika yote. Simu itoeni wakati wa penalti na sahihi. Katika mchezo wa duara iacheni mfukoni. Mwenye mtoto anayecheza mpira ampeleke bila kufikiri mara mbili, na kama ni kipa, amwombe mwenyeji awasogeze karibu na goli la makipa, kwa kuwa hakuna atakayewapeleka huko bila kuomba. Sisi tuliomba tukakubaliwa, na kocha wa makipa alipotuona alianza kuhesabu kwa sauti kubwa zaidi ili nasi tufuatilie.