Nimeuziwa Livingstone asiyekufa

Naandika hasira ikiwa haijapoa, kwa hiyo nikipindukia mtanisamehe. Kuna duka la vitabu vya Kikristo hapa Dar, sitalitaja, wenyewe wakisoma watajijua. Nilinunua pale kitabu cha watoto cha maisha ya David Livingstone, yule mmisionari Mskoti aliyezunguka Afrika. Nyumbani tuna mazoea ya kusoma sura moja kwa sauti baada ya chakula cha usiku, kabla ya sala. Tulikuwa tumemaliza maisha ya Samuel Ajayi Crowther, yule mtoto wa Kiyoruba aliyeuzwa utumwani na baadaye, mwaka 1864, akawekwa wakfu kuwa askofu. Wanangu wakataka mwingine "mwenye safari".

Na tulianza vizuri, lazima niseme. Mtoto wa miaka 10 anafanya kazi kwenye kiwanda cha pamba kule Blantyre, Scotland, kitabu kakiegemeza kwenye mashine anasoma kwa kuibia. Mkubwa wangu, ambaye kazi za shule hafanyi bila kubembelezwa, alitulia tuli. Kisha simba wa Mabotsa, kule kusini mwa Afrika, mwaka 1844. Sura hiyo tuliirudia mpaka baba yao akaomba tumhurumie. Simba alimdaka Livingstone akamvunja mfupa wa mkono wa kushoto, na mwalimu mwenyeji, Mebalwe, alipoinua bunduki, simba akamwacha mzungu akamrukia yeye. Ule mfupa haukuunga sawasawa maisha yake yote. Mfupa huo ushikeni, ndio unaonifanya niandike.

Tukafika Ujiji, alipokutwa na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta, mwaka 1871. Tukafika kwenye mabwawa ya Bangweulu, Zambia ya leo, mzee mgonjwa anabebwa kwa machela hadi kijijini kwa Chitambo. Ukurasa wa 48. Mdogo ameng'ang'ania mkono wangu. Nafunua: ukurasa wa 65. "Maswali ya kujadiliana na mtoto. 1. Kwa nini Chuma na Susi walikataa kumzika njiani?"

"Mama, kwani amekufa?"

Kurasa 16 hazimo. Hazikuchanwa, hazikuwahi kushonwa humo tangu mwanzo. Karatasi moja kubwa hukunjwa ikatoa kurasa 16, na kwenye kujalidi mtu aliruka kipande kizima. Hilo naweza kulimeza. Nisiloweza kulimeza ni la dukani.

Dada wa kaunta alikuwa kwenye simu. Nikamsalimia, nikamfungulia kitabu. Hata kukishika hakukishika. "Mama, umekaa nacho huko nyumbani, tutajuaje kama si watoto?" Nikamwonyesha mshono. Akanionyesha risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikasema sitaki hela, nataka nakala nyingine, na kama kuna mkubwa wake ningeomba kumwona. Ndipo akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Si ni Livingstone tu? Hadithi unaijua, kamalizie mwenyewe." Juu ya kichwa chake ukutani pana bango la tunda la Roho. Uvumilivu, utu wema, fadhili. Mzee mmoja nyuma yangu, aliyekuja kununua kitabu cha nyimbo, alicheka, wala simlaumu.

Livingstone tu! Zile kurasa ndizo zenye watu wa kwetu. Mwaka 1873, baada ya kufa kwake, wabebaji wake, wakiongozwa na hao hao Chuma na Susi, waliuzika moyo wake chini ya mti, na Jacob Wainwright, Myao aliyesomeshwa Nasik kule India, akasoma ibada ya maziko na kuchonga maandishi kwenye shina. Mwili waliukausha kwa chumvi na jua kwa wiki mbili. Walipofika Unyanyembe, pale Tabora, Cameron, ofisa Mwingereza, aliwashauri wamzike hapo hapo. Wakagoma. Mbele wakasikia kwamba watu hawataruhusu maiti ipite, basi wakatengeneza maiti ya uongo kwa mabua, wakaituma irudi nyuma eti inakwenda kuzikwa, na mzee mwenyewe wakamfunga upya kama robota la nguo. Februari 1874 wakaingia Bagamoyo. London, daktari wa upasuaji alimtambua kwa nini? Kwa mfupa ule wa simba! Tarehe 18 Aprili akazikwa Westminster Abbey.

Niliwasimulia hivyo usiku ule, simu mkononi nikihakikisha tarehe. Kwenye robota walipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Kwa hiyo ndiyo, nilimalizia mwenyewe, na inaniudhi hadi leo kwamba ilinoga.

Sasa haki itendeke. Baadaye msimamizi wa duka alinipigia, baba mtu mzima, akaomba radhi bila kujitetea, akanipa nakala kamili. Nilikuwa tayari kufuta maneno yangu yote. Tukakaa jioni hiyo, tukafungua ukurasa wa 49.

Jamani. Kurasa nzima nzima za umati wa London na kengele za kanisa. Chuma na Susi ni "watumishi wake waaminifu", basi. Wainwright, aliyesafiri na jeneza mpaka Uingereza, hata jina hana. Robota hakuna. Mfupa hakuna! Mwandishi katuletea simba kwa mbwembwe zote zile, halafu mfupa kautelekeza. Mdogo akanitazama kana kwamba ni mimi niliyepunja. "Mama, soma kile cha zamani."

Nyota ngapi basi? Mpaka kwa simba, tano bila ubishi, na watoto bado wanaigiza Mebalwe ukumbini kwa fagio. Kuanzia ukurasa wa 49, moja. Duka nilikuwa naliwekea sifuri, yule baba akalipandisha, nikimkumbuka dada linashuka tena. Nimeandika tatu, nimefuta, nimeandika mbili. Mkienda, hesabuni kurasa pale pale kaunta kabla ya kulipa, hata kama mnasonywa.