Makumbusho ya Posta ya Wajerumani, Lamu: ni ndogo lakini msiipite

Nimerudi Lamu wiki iliopita na kuna sehemu moja lazima niiseme hapa, manake watu wengi wanaenda Lamu wanapiga picha na punda, wanapanda dau, wanakula biriani ya samaki, wanarudi. Mimi mwenyewe safari ya kwanza nilinunua matembezi ya siku mbili kwa kampuni moja, kwenye ratiba posta imeandikwa kabisa, lakini siku yenyewe kijana aliyetutembeza akatupitisha mlangoni haraka haraka akasema "hapo ni posta ya zamani tu" tukaenda kununua vinyago. Pesa nilikuwa nishalipa. Iliniuma kwa sababu mamangu alikuwa karani wa posta maisha yake yote, nyumbani kwetu stempu zilikuwa zinabanduliwa kwa mvuke wa birika zinakaushwa kwenye gazeti, so mimi nikisikia neno posta siwezi kupita tu.

Safari hii nikaenda mwenyewe, peke yangu, asubuhi mapema kabla jua halijakaza. Kuipata ni rahisi, ukifika Mkunguni pale mbele ya Ngome shika Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, kuelekea kusini, hata ukipotea uliza mtu yeyote aliyekaa barazani. Mzee niliyemuuliza nilimpa shikamoo akanijibu marahaba mwanangu, akainuka na bakora yake akanipeleka mpaka mlangoni, nikamshukuru akasema karibu Amu, ndivyo wenyeji wanavyoiita Lamu.

Sasa nyumba yenyewe. Usitegemee jengo kubwa la serikali la nguzo na saa juu. Ni nyumba ya Kiswahili ya mji mkongwe, mawe ya matumbawe, kuta nene, ndani kuna ubaridi mzuri, na hicho ndicho kilichonigusa kwanza: Mjerumani alipofungua posta hapa hakujenga kitu, aliingia kwenye nyumba za watu wa Amu akaning'iniza bendera. Hapo ndani sasa kuna picha za zamani na kumbukumbu za enzi hizo. Nusu saa inatosha kama unatazama tu, mimi nilikaa karibu saa mbili.

Posta ilifunguliwa tarehe 22 Novemba 1888. Ukiangalia huo mwaka utashangaa kidogo, kwa sababu Lamu wakati huo ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, haikuwa ya Mjerumani. Kilichomleta ni Witu, kule bara ng'ambo ya maji. Ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, walipatana na Sultani wa Witu, Ahmed bin Fumo Luti, yule aliyeitwa Simba, wakachukua ardhi kwake mwaka 1885, na mwaka huohuo Ujerumani ikatangaza kuilinda Witu. Ukimfikiria Simba utaelewa kwa nini alikubali, alikuwa na ugomvi wa miaka na Zanzibar, akaona huyu mgeni atakuwa ngao. Lakini Witu haina bandari ya meli kubwa, na barua lazima zipite mahali ambapo vyombo vinatia nanga, mahali hapo ni Lamu. Kwa hiyo Mjerumani akawa na himaya upande mmoja wa maji na posta yake upande mwingine, ndani ya mji wa Sultani mwingine kabisa!

Wale wanaopenda stempu mnisikilize hapa. Barua za Lamu za miaka ile zilibandikwa stempu zilezile za Ujerumani, kwa mfano ile ya bluu ya pfennig 20 (senti za Kijerumani) yenye tai. Kwenye stempu hakuna Lamu, hakuna Afrika. Ukitaka kujua bahasha ilitoka wapi ni mhuri peke yake unaosema, duara, juu LAMU, chini OSTAFRIKA, yaani Afrika Mashariki kwa Kijerumani. Nishaona picha za bahasha hizo na kila mara naukuza mhuri mpaka wino unakuwa vumbi, manake mtu mmoja alisimama Amu kwenye joto hili hili akapiga huo mhuri kwa mkono, tap, akachukua nyingine.

Halafu mambo yakageuka mbio. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani na Uingereza zikapatana, Ujerumani ikamwachia Mwingereza Witu, ikapata kisiwa cha Heligoland kule bahari ya kaskazini. Watu wa Witu hawakuulizwa. Simba alikuwa ameshafariki, aliyekuwa anatawala ni Fumo Bakari. Septemba 1890 Mjerumani mmoja, Andreas Küntzel, akauawa kule Witu pamoja na wenzake, na Oktoba Admirali Fremantle wa Uingereza akaja na manowari na askari, mji wa Witu ukachomwa moto. Januari 1891 Fumo Bakari naye akafa. Muda wote huo posta ya Lamu ilikuwa bado wazi, ilifungwa tarehe 31 Machi 1891. Miaka miwili na miezi minne tu. Nilisimama kwenye chumba kile nikawaza ni barua ngapi za kutaka ardhi ya watu zilipita hapa zimekunjwa vizuri kwenye bahasha, na watu wenyewe wako nje barabarani wanauza samaki hawajui kumeandikwa nini.

Ndio maana nasema mwende. Shuleni tulisoma mapatano hayo ya Heligoland kama swali la mtihani, mwaka gani, nani alipata nini, basi. Hapa unagusa kuta zake.

Vitu vya kujua: kutoka uwanja wa ndege wa Manda unavuka kwa boti, ukija kwa basi unashukia Mokowe halafu boti pia. Vaa kiheshima, ni mji wa watu wa dini. Lipia kwa simu, kwa hiyo uwe na salio. Muombe mhudumu akueleze kwa Kiswahili, mimi nilielezwa kwa utulivu na kila swali nikajibiwa. Ukiwa na watoto waambie habari ya Simba kabla hamjaingia, watatazama zile picha kwa macho mengine. Mimi natoa nyota tano.

Nilipotoka nikateremka ukingoni kwenye posta ya sasa, nikanunua kadi nikamwandikia mama. Alipoipata alinipigia, hata salamu zangu alikuwa hajazisoma, alikuwa anausoma mhuri.