Kuinuliwa kwa sakafu ya sainasi bila kupandikizwa mfupa: tathmini ya mgonjwa

Gego langu la juu upande wa kulia liling'olewa miaka saba iliyopita, na muda wote huo sikujua kwamba mfupa uliolishika ulikuwa ukipungua taratibu, huku sainasi, ule uwazi wa hewa ulio juu ya magego, ikizidi kushuka. Nilipokwenda kliniki moja ya meno jijini Dar es Salaam kuomba jino la kupandikiza, eksirei ya pande tatu ilionyesha kuwa nimebakiwa na milimita sita tu za mfupa, ilhali skrubu niliyokusudiwa, ile inayokazwa mfupani iwe mzizi wa jino hilo, ilikuwa ya milimita nane.

Daktari alinieleza bila haraka kwamba unga wa mfupa, ule unaopandikizwa ili kujazia mfupa uliopungua, haukuhitajika. Utando wa sakafu ya sainasi ungeinuliwa kidogo, skrubu ya titani ingeushikilia kama nguzo ya hema, na damu yangu mwenyewe ingeganda chini yake hadi igeuke mfupa. Si jambo la kubahatisha, kwani mwaka 2004 Stefan Lundgren na wenzake nchini Sweden walionyesha kuwa mfupa mpya huota chini ya utando ulioinuliwa hata pasipo kuwekwa kitu kingine.

Kwa ganzi ile sikusikia maumivu, ila kila nyundo ndogo ilipogonga patasi, mtikisiko ulipanda hadi kwenye paji la uso, na muuguzi alinishika kichwa kwa viganja viwili mpaka kazi ikaisha.

Lalamiko langu ni moja, nalo ni zito. Masharti ya kutopenga kamasi, kupiga chafya mdomo ukiwa wazi na kutonywa kwa mrija nilikabidhiwa kwenye karatasi nikiwa nimekwisha kushonwa, tena nikiwa na mafua niliyoamka nayo asubuhi ile. Utando huo ni mwembamba mno, na msukumo wa hewa ya puani unaweza kuuchana. Usiku ule sikulala kwa kuhofia chafya. Wangeniuliza mapema, ningeahirisha kwa hiari yangu.

Baada ya miezi sita skrubu ilikuwa imeshika barabara, na leo natafuna muhogo wa kuchoma upande uleule. Ningemshauri mwenye mfupa kama wangu aikubali njia hii, lakini aliyebakiwa na milimita mbili tatu asiichague kwa sababu ya unafuu wa bei, maana skrubu yake inaweza kukosa pa kujikita. Gego la kushoto nitalipeleka kwa daktari yuleyule, ila karatasi ya masharti nitaiomba wiki moja kabla.